Nyumba ya Gisimba: Nani Alilipa, Nani Alilea

Anayetoka Busanza kwenda Nyamirambo huupita mji wa Kigali karibu wote. Huiacha tarafa ya Kanombe na uwanja wake wa ndege, akavuka wilaya ya Kicukiro, akateremka bondeni, kisha akapanda upande wa pili mpaka kwenye mitaa ambako Kiswahili husikika dukani, msikitini na penye vijiwe vya pikipiki. Pande hizi mbili za mji zina jambo moja linalozihusu zote: mtu asiye na pa kulala, na wanaojitokeza kumsaidia.

Busanza imelijua jambo hilo hivi karibuni. Ndiko walikohamishiwa wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mtaa wa mabanda uliokuwa karibu na Nyarutarama na ambao mji mzima uliuita Bannyahe. Mpango wa kuwahamisha ulianza kusikika mwaka 2017. Wengi walitaka fidia ya fedha taslimu badala ya nyumba, wakaenda mahakamani, na mvutano ukaendelea kwa miaka. Mwezi Septemba 2022 mtaa ule ulibomolewa, na familia zikaingia katika majengo ya Busanza yaliyojengwa na mwekezaji kwa makubaliano na serikali. Yana maji, umeme na vyoo, mambo ambayo Bannyahe haikuwa nayo ya kutosha. Lakini wenye watoto wengi walilalamika kwamba vyumba haviwatoshi, na wengine kwamba wateja wao, yaani riziki yao, wamebaki upande wa pili wa mji. Malalamiko hayo hayapaswi kupuuzwa. Yanaonyesha kwamba paa hujengwa kwa mwaka mmoja au miwili, ila maisha ya chini ya paa hilo huhitaji watu na fedha za namna nyingine.

Nyamirambo ililijua jambo hilo zamani zaidi, kupitia nyumba moja ya watoto yatima iliyokuja kujulikana kama Kituo cha Kumbukumbu cha Gisimba. Kituo hicho kilianzia ndani ya ukoo, kikapita katika moto wa mwaka 1994, kikafurika watoto na wafadhili, na mwishowe kikafanya jambo ambalo taasisi chache za hisani huwa na ujasiri wa kulifanya: kiliacha kulaza watoto, kikawarudisha kwenye familia. Mimi ninaamini hatua hiyo ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote isipokuwa ile ya 1994, na ninaamini pia kwamba haieleweki kwa mtu ambaye hajafuata njia ya fedha na ya mikono iliyokibeba kituo hiki.

Nyamirambo na jirani yake Biryogo ni mitaa yenye asili ya pekee. Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha Kigali kama kituo cha utawala mwaka 1907, alifuatwa na wafanyabiashara Waislamu, Waswahili wa pwani, Waarabu na Wahindi. Wabelgiji walipochukua nchi waliwatengea watu hao makazi yao, kambi ya Waswahili, na kutoka hapo ukakua mji ndani ya mji. Wanyarwanda wengi wa mashambani waliwatazama wakazi wake kama wageni hata walipokuwa wamezaliwa papo hapo. Watu waliotengwa hivyo hujifunza mapema kusaidiana, maana hawana ukoo mkubwa wa kilimani wa kukimbilia. Ujirani ndio uliokuwa bima yao ya mazishi, ya harusi na ya ulezi.

Katika mitaa hiyo ndipo familia ya Gisimba ilipokuwa ikipokea watoto wasio na wazazi. Hapakuwa na ofisi wala bodi ya wadhamini. Palikuwa na nyumba, chungu cha chakula, na wazazi waliokubali kuwa watoto wa watu wengine wale pamoja na wao. Wazee hao walipofariki, miaka ya 1980, kazi iliwaangukia watoto wao, na Damas Mutezintare Gisimba ndiye aliyeshika usukani. Kituo kikachukua jina la ukoo ili kuwakumbuka waliokianzisha. Hivyo mfadhili wa kwanza wa taasisi hii alikuwa ni kaya moja ya Nyamirambo, na mtaji wake wa kwanza ulikuwa urithi ambao warithi hawakugawana. Nalisisitiza hili kwa sababu taarifa za mashirika ya hisani huanza kuhesabu siku ile fedha ya kwanza ya kigeni ilipoingia, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na gharama yoyote.

Kisha ikaja Aprili 1994. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana iliangushwa usiku wa tarehe 6, na kulipopambazuka vizuizi vilikuwa tayari barabarani. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyofuata yaliua zaidi ya watu milioni moja kwa takriban siku 100. Nyumba ya Gisimba, iliyokuwa na makumi ya watoto, ikaanza kupokea wengine waliokuja wenyewe, walioletwa na majirani, waliookotwa. Watu wazima nao wakaingia, wakafichwa darini na penye kila upenyo ambao nyumba ile ingeweza kutoa. Ilipofika Juni, ndani mlikuwa na watu wapatao 400.

Ni vigumu kwa msomaji wa leo kufikiria maana ya kulisha watu 400 katika mji uliofungwa. Soko halipo. Maji ya bomba yamekatika. Kutoka kwenda kuteka kisimani ni kupita kizuizi, na kizuizini wanauliza kitambulisho chenye kabila. Wageni wengi, ambao miaka yote walikuwa ndio wanaotoa misaada, walikuwa wameondoka katika wiki ya kwanza. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 912, la kupunguza kikosi cha walinda amani kibaki na watu 270. Walikuwa 2,500. Taasisi zote kubwa zenye bajeti na magari zilikuwa zimekunja virago, isipokuwa chache sana, miongoni mwao Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa, ambalo lilibaki na hospitali yake mjini.

Damas Gisimba alibaki na watoto, yeye na ndugu zake na wachache waliokuwa wakifanya kazi naye. Aliwakabili wanamgambo wa Interahamwe mlangoni kwa maneno, siku baada ya siku, bila silaha. Nje ya lango kulikuwa na majirani wa kila aina. Wapo waliokuwa wakitoa majina ya waliojificha. Wapo pia, hasa katika familia nyingi za Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, waliokataa kushika panga na wakaficha watu chini ya vitanda vyao. Ushirikiano wa jamii ni maneno yanayoandikwa kirahisi kwenye maombi ya ruzuku. Mwaka 1994 maana yake ilikuwa jirani kukaa kimya anapoulizwa nani yuko nyumba ya pili.

Msaada wa nje uliofika kwenye lango lile uliletwa na mtu mmoja. Carl Wilkens, Mmarekani aliyekuwa akiongoza nchini Rwanda shirika la misaada la Kanisa la Waadventista wa Sabato, ADRA, aliwaacha mkewe na watoto waondoke na msafara wa kwenda Burundi, naye akakataa kupanda gari. Anajulikana kuwa Mmarekani pekee aliyebaki Kigali kwa hiari yake kipindi chote kile. Kwa wiki tatu za mwanzo hakutoka nyumbani. Baadaye alipata kibali kutoka kwa mkuu wa mkoa wa Kigali, Kanali Tharcisse Renzaho, akaanza kuzunguka na gari kutafuta maji, chakula na dawa, akipeleka kwenye nyumba ya Gisimba na kwenye nyumba nyingine ya yatima iliyokuwa ikiongozwa na Mfaransa Marc Vaiter.

Maji ndiyo yaliyokuwa ruzuku. Ninapowasikia watu wakijadili misaada kwa hesabu za mamilioni hukumbuka maji yale ya kwenye gari, kwa sababu hakuna fedha yoyote iliyowahi kupelekwa Nyamirambo iliyokuwa na thamani kama hiyo. Na bado yasingefaa kitu kama ndani ya lango pasingekuwa na mtu wa kuyapokea, kuyagawa kwa haki, na kujua ni mtoto yupi hajanywa.

Siku moja, vita vikielekea mwisho, Wilkens alifika akakuta nyumba imezingirwa na wanamgambo wapatao 50 wenye bunduki. Alielewa walichokuwa wakingojea: aondoke. Alikwenda ofisi ya mkoa kutafuta msaada, na huko akaambiwa kwamba Waziri Mkuu, Jean Kambanda, yumo humo humo, amwombe yeye. Wilkens alisimama ukumbini, na Kambanda alipotokea akamsalimia na kumweleza kuhusu watoto wa Gisimba. Kambanda akashauriana na watu wake, akajibu kwamba watoto watakuwa salama. Siku chache baadaye mabasi yalikuja, na watu wa Gisimba wakavushwa katika vizuizi vyote hadi kanisa la Saint-Michel, katikati ya mji. Huyo huyo Kambanda, tarehe 1 Mei 1998, alisimama mbele ya mahakama ya kimataifa mjini Arusha akakiri kosa la mauaji ya kimbari, na Septemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha maisha. Renzaho naye alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2009. Wilkens amelisimulia tukio lile mara nyingi, na hajawahi kulifanya lionekane jepesi: uhai wa mamia ya watu ulitegemea kibali cha watu waliokuwa wakiendesha mauaji. Lilitokea. Watoto walipona. Mji wa Kigali uliangukia mikononi mwa wapiganaji wa RPF tarehe 4 Julai.

Waliopona walirudi Nyamirambo, na hapo historia ya kituo ikabadilika kabisa, kwa sababu nchi nzima ilikuwa imejaa watoto wasio na mtu. Shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto 95,000 walipoteza wazazi. Kabla ya 1994 Rwanda ilikuwa na vituo 37 vyenye watoto takriban 4,800. Aprili 1995 vilikuwa 77, na ndani yake watoto 12,704. Nje ya vituo palikuwa na makumi ya maelfu ya kaya zilizoongozwa na watoto, ambako msichana wa miaka 14 ndiye mama na ndiye baba. Wanyarwanda wa kawaida, wakiwemo wajane ambao nao walikuwa wamefiwa na kila mtu, waliwachukua watoto wengi kuliko vituo vyote kwa jumla. Hakuna aliyewalipa. Serikali mpya ilikuwa imekuta hazina tupu, na wito wake ulikuwa kila mtoto apate familia.

Dunia, ambayo ilikuwa imeondoka Aprili, ilirudi Agosti na magari yake. Mashirika ya kimataifa yalifungua vituo, yakatoa unga, mablanketi na dawa, na yakafanya kazi kubwa ya kutafuta jamaa za watoto. Msalaba Mwekundu na UNICEF waliandikisha watoto, wakapiga picha za wale wadogo wasiojua hata majina yao, wakazibandika hadharani ili ndugu wawatambue. Miezi hiyo kituo kilikuwa jambo la lazima. Mtoto aliyeokotwa barabarani hawezi kungoja sera.

Shida ilikuja baadaye, na haikuwa ya Gisimba peke yake. Ni shida ya namna fedha za hisani zinavyotembea. Mfadhili wa mbali anataka kuona jengo, kitanda, na uso wa mtoto kwenye picha. Hutoa kwa kichwa: watoto 100, fedha za watoto 100. Kituo kikimrudisha mtoto kwa shangazi yake kijijini, kichwa kimoja kinapungua na fedha zake zinapungua, wakati shangazi aliyechukua mzigo hapati hata senti. Mameneja wa vituo wengi walikuwa watu wema kabisa, lakini utaratibu uliwalipa kwa kuwabakiza watoto. Na familia maskini zilisoma alama hizo vizuri: kituo kina shule, kina nyama Jumapili, kina daktari. Mama asiye na kitu akampeleka mwanawe pale akiamini anamtendea mema.

Hesabu zenyewe zilikuwa zimejulikana katika eneo letu hili hili. Benki ya Dunia ilichunguza hali ya yatima wa UKIMWI mkoani Kagera, Tanzania, ng'ambo tu ya mto Akagera, ikakuta kwamba kumtunza mtoto mmoja kituoni kwa mwaka kuligharimu zaidi ya dola 1,000, karibu mara sita ya gharama ya kumtunza ndani ya familia ya kambo. Hata hivyo vituo viliendelea kujengwa, Kagera na kwingineko, maana jengo hupigwa picha na shangazi hapigwi.

Mwaka 2012 Wizara ya Jinsia na Maendeleo ya Familia ya Rwanda, ikishirikiana na shirika la Hope and Homes for Children la Uingereza, ilifanya uchunguzi wa nchi nzima. Ilikuta watoto na vijana 3,323 katika vituo 33. Wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai au jamaa anayejulikana. Umaskini ndio uliowapeleka kituoni. Baraza la Mawaziri lilipitisha mwaka huo mkakati wa kubadilisha malezi ya watoto, na mwaka 2013 ukaanza mpango wa Tubarerere mu Muryango, chini ya Tume ya Taifa ya Watoto iliyoundwa mwaka 2011, kwa msaada wa UNICEF na fedha ambazo sehemu yake ilitoka Marekani. Kituo cha kwanza kujaribu njia hiyo, Mpore PEFA cha hapa Kigali, kilikuwa kimeshafungwa mwaka 2012, watoto wake wote wakipelekwa kwenye familia.

Wakati nyumba ya Gisimba ilipofikiwa na zamu yake, katikati ya miaka ya 2010, lilikuwa jambo zito. Lile lilikuwa lango ambalo watu 400 walipona nyuma yake. Vijana walikuwa wamekulia pale, wameoa, wamewaleta watoto wao kumwonyesha Damas kama babu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba vitanda vyake sasa viondoke ni sawa na kumwambia kazi ya maisha yake imekwisha. Taasisi nyingi zingepinga, na baadhi ya vituo nchini vilipinga kweli, vikitaja wafadhili wao, majengo yao, na wasiwasi wa haki juu ya watoto waliokuwa hawajapata pa kwenda. Gisimba ilibaki kwenye uwanja wake ule ule wa Nyamirambo na ikabadilisha kazi. Badala ya mabweni pakawa na kituo cha mchana, ambako watoto wa mtaani hapo huja baada ya masomo kusoma, kucheza, kujifunza ngoma na michezo, kisha jioni wakaenda kulala kwao.

Pengine msomaji ataona hilo kama jambo dogo kuliko lililotangulia. Tazama linavyofanya kazi. Mama anayeuza mboga Nyamirambo anarudi usiku. Mtoto anatoka shule mchana. Saa zile za katikati ndizo zinazomtoa mtoto nyumbani, akazoea barabara, akawa mayibobo, kama watoto wa mitaani wanavyoitwa Kigali. Mtu akizibeba saa hizo, familia inashika. Gharama yake ni vitabu, mpira, mwalimu, uji, na wala si kitanda na mlinzi wa usiku kwa miaka 15. Nyumba iliyoanza kwa kaya moja kusaidia watoto wa kaya nyingine ikarudi kusaidia kaya zenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo ilipofika ilikokuwa ikienda tangu mwanzo.

Mabadiliko hayo yasingewezekana kwa fedha ya wahisani peke yake, na hapa ndipo jamii inapopaswa kuandikwa kwa jina lake. Rwanda ina vijiji 14,837, yaani midugudu, na kila kimoja huchagua watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango. Ni watu 29,674 wanaofanya kazi bila mshahara: kumtembelea mtoto aliyerudishwa, kusikia ugomvi kabla haujamtoa mtu nyumbani, kutoa taarifa anapopigwa. Zipo familia zinazojitolea kupokea watoto wa kambo, zinazojulikana kama Malayika Murinzi, malaika walinzi, na nyingi kati yake si tajiri. Ipo bima ya afya ya jamii, mituweli, inayomwezesha mlezi kumpeleka mtoto kituo cha afya bila kuuza mbuzi. Ipo Girinka, ya tangu mwaka 2006, ambapo familia hupewa ng'ombe na ndama wa kwanza wa kike akapewa jirani. Vipo vikundi vya kuweka na kukopa, ibimina, ambavyo mwisho wa mwezi humnunulia mlezi madaftari. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wahenga wetu, na mtu angetaka kuona mikono yote hiyo ikifanya kazi pamoja angekwenda kijiji chochote cha Kigali siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Nisingependa kuipamba picha. Baadhi ya watoto waliorudishwa walikuta umaskini ule ule uliowatoa. Wenye ulemavu walichelewa kupata familia, na vituo vinavyowatunza ndivyo vilivyobaki muda mrefu zaidi. Vijana waliokulia kituoni hadi miaka 20 na zaidi hawakuweza kuitwa watoto wa mtu ghafla. Walihitaji chumba cha kupanga, ufundi na mtu wa kumpigia simu wanapokwama. Na mitaani bado wapo watoto. Mwaka 2020 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto iliitaka Rwanda ikome kuwazuilia watoto wa mitaani katika vituo vya muda, jambo ambalo serikali ililitetea kama marekebisho ya tabia. Msimamo wangu ni wa Kamati. Nchi iliyothubutu kufunga vituo vya yatima kwa sababu mtoto anastahili familia haiwezi kumfungia mtoto mwingine kwa kosa la kutokuwa nayo. Fedha inayotumika kumkamata na kumshikilia ingefanya kazi njema zaidi mikononi mwa kituo cha mchana kama cha Gisimba, au mikononi mwa bibi yake.

Jambo jingine ni wafadhili. Kituo kinapoondoa vitanda, wapo wanaodhani kimekufa, nao hupeleka fedha zao pengine penye mabweni. Haya yametokea katika nchi nyingi zilizofanya mageuzi ya namna hii, na viongozi wa vituo wanayaogopa kwa haki. Mfadhili aliyezoea kumtumia kadi mtoto mmoja mwenye namba hajui afanye nini na familia 60 zinazohitaji saa nne za usaidizi kila siku. Kumfundisha kunahitaji subira na hesabu zilizo wazi. Wale walioelewa wamebaki, na ndio wanaostahili kuitwa wabia. Ubia ni kukubali kwamba anayejua mahitaji ni mtu wa Nyamirambo, hata kama kitabu cha hundi kiko Ulaya au Marekani.

Damas Mutezintare Gisimba alifariki Juni 2023. Kabla ya hapo nchi yake ilikuwa imemtambua kama Umurinzi w'Igihango, mlinzi wa agano, heshima inayotolewa kwa waliosimama kibinadamu wengine walipoangusha ubinadamu. Waliomzika ni pamoja na watu waliokuwa watoto ndani ya lango lile, sasa wakiwa na watoto wao. Hakuacha mali kubwa. Aliacha utaratibu wa kufikiri ambao taasisi za hisani za Kigali zingeuchukua zingejiokoa na makosa mengi: kwanza mtu, kisha jirani, kisha fedha, na fedha ifuate mtoto anakolala hata kama ni chumba kimoja cha udongo.

Ndiyo maana historia ya Nyamirambo inawahusu watu wa Busanza. Familia zilizohamia pale zimepewa kuta na mabomba, na waliojenga majengo hayo hawakupewa kazi ya kujenga ujirani. Bannyahe, pamoja na tope lake, ilikuwa na watu waliojua nani amelala njaa, nani amefiwa, mtoto wa nani haonekani shuleni. Ujuzi huo haupakiwi kwenye lori siku ya kuhama. Huanza upya, mlango kwa mlango, na unahitaji mahali pa kukutania, mtu wa kukaa na watoto saa za mchana, na akiba ndogo ya pamoja ya kumvusha jirani mwezi mbaya. Hayo yote yana gharama, ila ni gharama ambayo makanisa, misikiti, shule na wafanyabiashara wa Kanombe wanaiweza bila kungoja ruzuku ya mbali.

Basi wewe msomaji uliye na kitu cha kutoa, uwe Kigali, Dar es Salaam, Mombasa au ughaibuni, usianze kwa kuuliza kituo kina vitanda vingapi. Uliza ni familia ngapi zimesaidiwa kubaki na watoto wao mwaka huu, na nani anazitembelea. Kama uko Busanza, katika mudugudu wako wapo Inshuti z'Umuryango wawili waliochaguliwa na majirani zako. Watafute wiki hii, uwaulize ni kaya gani inayoelemewa, na uanzie hapo.